Mwanafunzi kapata 18/20 swali la mazingira, jioni karusha chupa dirishani. Tunapima nini hasa?

#1 Chaki ya Makulu

Wakuu, salaam.

Ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, jina la chuo nalihifadhi. Nafundisha somo la lazima la mwaka wa kwanza, lile ambalo katikati yake wamechomeka maendeleo endelevu kwa wiki nne. Juzi nilikuwa nasahihisha kazi za darasani. Kuna binti kaandika mpaka nikaweka kalamu chini nikasoma mara mbili: nguzo tatu za uendelevu (uchumi, jamii, mazingira), chupa ya plastiki inavyokaa ardhini miaka na miaka bila kuoza, mitaro inavyoziba, mbuzi wanavyokufa kwa kumeza nailoni. Nikampa 18 kati ya 20.

Jioni yake nimepanda daladala ya Ng'ong'ona, yeye kakaa siti ya mbele yangu. Kamaliza maji, kafungua kioo, chupa hiyooo ikaenda zake korongoni. Wala hakugeuka.

Sikumsemesha. Nilishuka najiuliza zile 18 nilimpa za nini.

Kuna la pili. Mwanzo wa muhula niliwagawia dodoso, sentensi 20 za kuweka tiki, kuanzia "nakubali sana" mpaka "sikubali kabisa". Wiki nne zilipoisha nikawagawia lile lile. Mara ya kwanza karibu darasa zima walikubali sana. Mara ya pili karibu darasa zima wakakubali sana. Kwa hiyo ama waliingia chuoni wameshaiva, ama sikufundisha kitu, ama karatasi yangu ni pambo. Na mkuu wa idara anataka ripoti yenye kichwa "ongezeko la uelewa". Nimwandikie nini? Mliowahi kufundisha au kupima mambo haya, karibuni.

#2 Siti ya Dirishani

Hahaha mwalimu, kumbe ulikuwa nyuma yangu? Nipunguzie ziwe 15, yaishe.

#3 Kimbweta cha Tatu

Mimi nimemaliza miaka mitatu iliyopita. Tulikuwa na desa moja lililorithiwa mwaka hadi mwaka, limechoka mpaka pembe zimekuwa mviringo. Ukurasa wa kwanza maana ya maendeleo endelevu kwa mujibu wa ripoti ya Brundtland, 1987: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya sasa bila kuathiri uwezo wa vizazi vijavyo kukidhi ya kwao. Ilikuwa inatoka kila UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Nikaimeza kwa Kiingereza na mikato yake yote, nikapata A. Mpaka leo naweza kuisema usingizini.

Brundtland mwenyewe nilidhani ni mwanaume mpaka mwaka jana.

#4 Pingapinga

Kwani siyo mwanaume?

#5 Kimbweta cha Tatu

Ni mama. Gro Harlem Brundtland, alikuwa waziri mkuu wa Norwei. Ndiyo ujue hilo desa lilitufikisha wapi.

#6 Tiki Tano

Mwalimu Chaki, tuanze na dodoso lako. Hizo sentensi 20 zote zinaelekea upande mmoja, siyo? "Ni muhimu kutunza mazingira kwa ajili ya vizazi vijavyo." Nani atakataa? Hata mwenye matanuru ya mkaa atakubali sana.

Kuna kipimo cha siku nyingi cha mtazamo wa watu kuhusu mazingira, kinaitwa NEP, cha Dunlap na Van Liere wa Marekani. Kilitoka 1978, kikafanyiwa marekebisho 2000. Kina sentensi 15: nane ukizikubali unahesabiwa upande wa mazingira, saba ukizikubali unahesabiwa upande wa pili, na zimepishanishwa moja hii moja ile. Aliyeweka "nakubali sana" zote 15 unamtambua papo hapo kwamba alikuwa anawahi chakula. Karatasi yako haina mtego hata mmoja.

Halafu niambie: uliwataka waandike namba ya usajili?

#7 Chaki ya Makulu

Niliwataka, ndiyo. Nilitaka nilinganishe karatasi ya kwanza na ya pili ya mtu yule yule.

#8 Tiki Tano

Basi ripoti yako imekufia mikononi. Mwanafunzi anamjibu mtu aliyeshika CA yake, zile alama za kazi za darasani. Ungemuuliza kama anawapenda mbu angekubali sana.

Siku nyingine waambie watunge namba ya siri wenyewe: herufi mbili za mwanzo za jina la bibi mzaa mama, tarehe ya kuzaliwa bila mwezi, na herufi ya mwisho ya kijiji cha baba. Mara ya pili wataiandika ile ile bila kukumbushwa, unazilinganisha na humjui mtu.

#9 Siti ya Dirishani

Bibi yangu anaitwa Bibi.

#10 Mama wa Uwele

Mbukwenyi wote. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Chamwino, hao wanafunzi wenu wanapita kwangu kwanza. Mwalimu Chaki, dodoso uliliandika kwa lugha gani? Na swali la zile alama 20?

Nauliza kwa sababu nawajua watoto wa huku. Mtoto wa Mvumi anajua mbegu ya uwele haiguswi hata njaa ikiingia ndani ya nyumba. Imetundikwa juu ya moto inapigwa moshi, wadudu wasiiingie, na mtoto akiisogelea anapigwa kofi. Anajua mlenda unachumwa masika, unaanikwa, unasagwa, unawekwa wa kiangazi. Anajua mvua ikichelewa mpaka wakati fulani, mahindi unaachana nayo unaweka mtama. Akifika chuoni anaulizwa kwa Kiingereza usawa baina ya vizazi ni nini. Anakodoa macho. Mnaandika "uelewa mdogo". Anao huo uelewa, ila hakuna aliyemwambia kwamba huku chuoni mnauita hivyo.

#11 Kimbweta cha Tatu

Mama, nakupinga kidogo kwa heshima zote. Wengi tuliosoma hapo hatutoki Mvumi. Mimi nimetokea Mbagala, uwele niliuona mara ya kwanza nikiwa Dodoma, nikadhani ni chakula cha ndege. Na Kiingereza kilinisumbua vile vile. Kwa hiyo lugha tatizo, sawa, lakini siyo kwamba chini ya lugha kila mtu ana hazina ya bibi.

#12 Tiki Tano

Hoja ya Mama ni nzito kuliko mnavyoichukulia. Niliwahi kutafsiri ile NEP kwa ajili ya tasnifu yangu. Kuna sentensi inasema dunia ni kama chombo cha anga chenye nafasi na rasilimali chache sana. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Chombo cha anga ndiyo ungo?" Darasa likaangua kicheko, na kuanzia hapo kila mtu akajibu huku anawaza uchawi.

Nikafikiria nibadilishe, iwe "dunia ni kama ghala la mtama mwezi wa pili". Wangeelewa wote. Lakini nikishabadilisha siyo tafsiri tena, nimetunga kipimo kingine, na siwezi kuwalinganisha na wanafunzi wa nchi nyingine waliojibu ile ya chombo cha anga. Msimamizi wangu akachagua ungo.

#13 Boda wa Geti

Mimi siyo msomi, nabeba wasomi. Mwalimu, toka getini mpaka mabwenini, hesabu mapipa ya taka utakayoyaona, uje utuambie. Ndani ya daladala pipa lipo? Huyo dada angeikumbatia chupa mpaka saa ngapi? Wewe yako ungeiweka wapi?

#14 Chaki ya Makulu

Ningeibeba mpaka nyumbani.

#15 Boda wa Geti

Nyumbani unaifanyaje?

#16 Chaki ya Makulu

Kuna shimo la taka.

#17 Boda wa Geti

Likijaa?

#18 Chaki ya Makulu

Tunachoma.

#19 Boda wa Geti

Haya.

Kwa taarifa yako ile chupa haikulala korongoni. Pale kuna vijana wanapita jioni na viroba, wanaokota, wanauza kwa kilo. Yako ndiyo inakuwa moshi. Na hapo sijakuuliza unapikia nini.

#20 Siti ya Dirishani

Boda apewe ile 18.

#21 Pingapinga

Mnazunguka bure. Rambo zilikufa mwaka 2018 kwa amri. Hakuna muuza nyanya wa Majengo aliyefundishwa nguzo tatu. Serikali imesema mwisho tarehe fulani, watu wakaja na vikapu. Mfuko wa plastiki haukuuliwa na somo lolote la chuo kikuu. Toeni faini, funzeni baadaye.

#22 Tiki Tano

Ni Juni 1, 2019, kwa Bara. Zanzibar walishatangulia tangu 2006. Na hazikufa kama unavyosema. Baada ya pale viliingia vile vifungashio laini visivyo na mikono, watu wakavigeuza mifuko, serikali ikabidi ivirudie tena. Amri ilikata mikono ya mfuko, mfuko wenyewe ukabaki.

#23 Mzee Makinga Maji

Wajukuu zangu, nimewasoma kimya kimya tangu jana. Mimi ni bwana misitu mstaafu, nilikuwa Kondoa.

HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973. Asiyeyaona makorongo ya Kondoa Irangi wakati ule hawezi kuelewa. Ardhi nyekundu imepasuka kama ngozi ya mguu wa mtu asiyepaka mafuta, na kila masika korongo linasogea kwenye boma la mtu. Tulichimba makinga maji, tukapanda miti, tukaitisha mikutano. Ukiuliza mkutanoni, "Mifugo mingi kupita kiasi inaharibu ardhi?" wote wanaitikia, "Ndiyooo!" Kesho yake ng'ombe wako pale pale. Mwalimu, hilo dodoso lako mimi nilishaligawa kwa mdomo kabla hujazaliwa, na majibu yalikuwa hayo hayo.

1979 ukaja uamuzi kwamba mifugo yote itoke kwenye lile eneo lililomomonyoka. Makumi ya maelfu, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Ikatoka. Baada ya miaka si mingi nyasi zikarudi, kingo za makorongo zikaanza kuota vichaka. Watu wakaja kutoka nje kupiga picha.

Sasa swali langu, ambalo nimestaafu nalo: ardhi ilipopona, watu walikuwa wameelewa? Mzee mmoja ambaye ng'ombe wake walipelekwa kwa shemeji yake mbali aliniambia, "Bwana misitu, mimi nilijua kabla yako." Na nilimwamini. Alijua. Lakini ng'ombe ndiye alikuwa akiba, ndiye mahari ya kijana wake, ndiye maziwa ya asubuhi. Ningempa mtihani angepata 20 kati ya 20, na ng'ombe asingetoa hata mmoja.

#24 Pingapinga

Shikamoo mzee. Si ilikuwa 1986?

#25 Mzee Makinga Maji

Marahaba. Unachanganya na Mvumi, kule mifugo iliondolewa baadaye, miaka ya 1980. Kondoa ni 1979.

#26 Mama wa Uwele

Kweli mzee, Mvumi nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni chai ya rangi.

#27 Siti ya Dirishani

Pingapinga ukitaja mwaka sisi tunausoma kama makadirio.

#28 Mche Mmoja

Naomba nichangie, nafundisha chuo kingine, mkoa huu huu. Nilikata tamaa na mitihani ya kuandika nikaamua kupima kwa vitendo. Kila mwanafunzi apande mti mmoja, alama 15. Mkumbuke Dodoma mvua ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na zote zinamwagika kati ya Desemba na Aprili. Kupanda siyo kazi, hata kamera zinaweza kupanda. Kazi ni kuuvusha mti Agosti na Septemba. Kwa hiyo nikasema alama natoa mwezi wa kumi na moja, vyuo vikifunguliwa, kwa mti ulio hai.

Nilijiona nimetegua kitendawili. Julai wakaenda likizo. Novemba nikakuta miti mingi imesimama, kijani inang'aa. Nikafurahi mpaka nikapiga simu kwa mke wangu. Kisha nikaona mmoja umekaa wima mno. Nikaushika, ukatoka na kiriba chake cha nailoni, udongo bado una unyevu wa kitaluni. Wa jirani yake mwezi wa kwanza ulikuwa mwarobaini, sasa umekuwa mjohoro. Walinunua miche wiki ile ile!

Nilipowauliza, mmoja akanijibu bila hata aibu: "Sir, ulisema mti ulio hai. Huu si uko hai?"

#29 Kimbweta cha Tatu

Nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi, watu wananiangalia.

#30 Boda wa Geti

Mmoja alinipa elfu tano nimmwagilie likizo nzima. Nilimwagilia wiki mbili. Samahani mwalimu.

#31 Tiki Tano

Mche Mmoja, hao wamekuonyesha jambo. Kipimo chochote ukikiwekea alama, watu wanakihudumia kipimo. Na kwa upande mwingine umewaonea: unawapa mtihani wa kiangazi wakati chuo kimewafukuza bwenini Julai. Mwanafunzi wa Kigoma atamwagilia mti wa Dodoma kwa dua?

#32 Mche Mmoja

Nakubali, hilo la Kigoma nililiona baadaye. Mwaka uliofuata nikaacha miche, nikawapeleka kwa wakulima wa kisiki hai huku Chamwino. Huko hupandi kitu. Unatafuta kisiki ambacho mizizi yake iko hai tangu mti ulipokatwa, unachagua machipukizi machache yenye afya, unapogolea mengine, unaweka alama ili mchungaji na mkata kuni wajue kina mwenyewe, unalinda. Mizizi iko chini siku nyingi, kiangazi hakiitishi. Mkulima mmoja mama wa makamo ndiye aliyefundisha, mimi nilishika begi. Wanafunzi waliuliza maswali ambayo darasani sijawahi kuulizwa: kisiki kikiwa mpakani ni cha nani? Ng'ombe wa jirani akila machipukizi unamshtaki wapi?

Sasa niambieni, hayo maswali yao nayapa alama ngapi? Mwongozo wa kusahihisha unataka majibu.

Na kwa mleta uzi: mwaka 1977 pale Tbilisi, Georgia, kwenye mkutano wa UNESCO na UNEP, walishavitenganisha hivi vitu: ufahamu, maarifa, mtazamo, stadi, ushiriki. Vitano. Wewe unafundisha cha pili, dodoso lako linapima cha tatu, na umemkasirikia binti kwa cha tano.

#33 Chaki ya Makulu

Hiyo imeniingia. Naichukua kwenye ripoti.

#34 Pingapinga

Mkutano wa Tbilisi hata sitaji mwaka. Lakini hivyo vitano navyo si ngazi. Mzee kasema hapo #23 watu walikuwa na ufahamu, maarifa, mtazamo na stadi, wakakosa ushiriki kwa sababu ng'ombe ni benki. Halafu wakashiriki kwa lazima. Kwa hiyo unaweza kukifikia cha tano bila kupitia vinne vya chini, na unaweza kuwa navyo vinne usifike. Ngazi gani hiyo?

#35 Siti ya Dirishani

Leo Pingapinga kaongea. Tarehe iandikwe.

#36 Ndoo Saba

Mimi ni mwaka wa tatu. Kuna asaimenti moja sitaisahau. Tuliambiwa kila chumba kihesabu ndoo za maji kinazotumia kwa wiki moja, tuandike kila ndoo na kazi yake. Sisi wanne tulikuwa tunatumia kama ndoo saba za lita 20 kwa siku, ndiyo jina langu. Siku ya tatu mwenzetu akasema tutegeshe ndoo kwenye bomba la bafuni linalovuja, tuone. Tulilala. Asubuhi ndoo imejaa na imemwagika. Bomba moja, usiku mmoja, na kwenye korido yetu yalikuwa yanavuja matatu.

Tulipeleka ile karatasi kwa wahusika. Tukaambiwa fundi atakuja. Fundi alikuja muhula uliofuata.

Asaimenti nikapata 12 kati ya 20. Maoni ya msahihishaji: "Huna marejeo ya kutosha."

#37 Kimbweta cha Tatu

Desa A, ndoo 12. Nchi hii.

#38 Pingapinga

Pole dogo. Lakini tuulizane ukweli: mlikuwa mnabana maji kwa uelewa au kwa sababu hayatoki? Mimi bwenini nilikuwa naoga kikombe kimoja, fundi wa kubana. Nimehamia nyumba yenye tenki, naoga mara tatu. Wakinipima wakati ule ningetoka bingwa wa uendelevu.

#39 Jikoni Kila Siku

Umeongea Pingapinga. Mimi napika kantini moja ya wanafunzi. Sina elimu ya dodoso ila nina ndoo ya mabaki. Bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi) likiingia, mabaki ya wali na ugali yanajaa ndoo tatu kwa siku, mfugaji wa nguruwe anakuja na toroli. Bumu likikata, hata nusu ndoo haifiki, sahani zinarudi kama zimeoshwa. Wiki hiyo wanafunzi wote wana uelewa mkubwa sana wa kutopoteza chakula.

#40 Tiki Tano

Hiki ndicho kipimo bora kwenye uzi mzima na hakuna aliyekisoma chuoni. Hakimuulizi mtu chochote, hakina namba ya usajili, hakiigizi. Lakini kama alivyosema mwenyewe, bado hakikwambii kwa nini. Ndoo inapima bumu na uelewa kwa pamoja na haikutenganishii. Ungehitaji kupima mizani miezi kadhaa, bumu likiwepo na lisipokuwepo, kabla na baada ya somo.

#41 Jikoni Kila Siku

Mizani ipo. Ya nyama.

#42 Visima vya Makutupora

Nimechelewa. Kazi yangu ni mambo ya maji. Kila mwaka wanakuja wanafunzi wa fildi, na huwa nawauliza swali moja tu: maji ya bombani kwenu Dodoma mjini yanatoka wapi? Wengi wanasema Mtera. Mtera ni bwawa la umeme, megawati 80. Maji ya mji huu kwa miaka mingi yametegemea visima vya bonde la Makutupora, hapo kaskazini, chini ya miguu yetu.

La pili wasilolijua: yale maji ya chini hayaongezeki kila mwaka kidogo kidogo kama akiba ya kibubu. Vipimo vya visima vile vina kumbukumbu za zaidi ya miaka 50, na vinaonyesha kwamba kujaa kwake kunategemea miaka michache ya mvua kubwa kupita kiasi. Msimu wa El Niño wa 1997/98 ndio ulioingiza maji mengi kuliko yote. Katikati ya misimu kama hiyo kina kinashuka tu tunavyovuta. Yaani ndoo ya Ndoo Saba inawezekana ni mvua ya kabla hajazaliwa.

Nikiwaambia hivyo wananyamaza. Hiyo ndiyo mada nzima ya vizazi vijavyo mnayowakaririsha, sema Brundtland mnamtaja na Makutupora hamuitaji.

#43 Mama wa Uwele

Ongeza na Kongwa. Waingereza walikuja 1947 na mpango wa karanga, matrekta, mamilioni ya pauni, wakasema watalima mapori yale. Udongo ukikauka unakuwa saruji, mvua haitoshi, 1951 wakafunga virago. Wagogo walikuwa wamekaa pale wanawatazama. Mwanafunzi wa Dodoma anamaliza chuo kikuu hajaisikia, lakini anajua barafu ya ncha ya kaskazini inayeyuka.

#44 Kimbweta cha Tatu

Mama usiwaambie, wataiweka kwenye desa. "Taja sababu tano za kushindwa kwa karanga za Kongwa. Alama 10."

#45 Mche Mmoja

Hahaha. Na watazitaja zote tano.

#46 Ndoo Saba

Mimi nadhani yule dada wa daladala hakuna aliyemuuliza. Labda siku ile alikuwa na lake. Mnamjadili kurasa nzima kwa chupa moja, mimi mwenyewe nimehesabu maji wiki nzima na nimewahi kutupa vocha dirishani.

#47 Tiki Tano

Sahihi kitakwimu pia. Tukio moja la mtu mmoja.

#48 Chaki ya Makulu

Wakuu, ahsanteni. Nimeandika ukurasa mmoja wa ripoti na nimeufuta mara tatu. Muhula ujao nitajaribu hivi: dodoso lenye mitego na namba ya bibi, swali la Makutupora badala ya "fafanua", na nitaomba ruhusa ya ndoo ya Jikoni. Mkuu wa idara nimemgusia habari ya ndoo ya mabaki, akaniuliza kama ndoo ina jarida lolote la kimataifa ilikochapishwa.

#49 Jikoni Kila Siku

Karibu mwalimu, ila njoo asubuhi. Na usije ukauliza maharage yanachemkia wapi. Kuna lile tangazo kwamba wanaolisha zaidi ya watu 100 waache kuni na mkaa, mwisho ulikuwa Januari 31, 2024. Chai na wali ni gesi. Maharage, mimi sisemi.

#50 Boda wa Geti

Tangu #19 nasubiri. Mwalimu, nyumbani unapikia nini?

#51 Siti ya Dirishani

Natandika mkeka hapa.

#52 Mzee Makinga Maji

Mwache mwalimu apumue. Lakini na mimi ningependa kujua.

#53 Chaki ya Makulu

Mkaa. Mtungi wa gesi upo, uliisha mwezi wa tatu.

#54 Boda wa Geti

Gunia huko Makulu bei gani? Huku kwetu limepanda tena.